Aliyekula Kipande cha Mwisho

Jambo la kwanza lililomshtua Lowell Tveit lilikuwa keki.

Mkewe, Arlene, alikuwa amerudi siku ileile kutoka Norwei, alikokwenda na binti yao Karin kwa siku kumi na mbili kuliona shamba walikotoka babu zake. Lowell hakwenda kwa sababu ya nyonga. Alibaki katika makazi ya wazee ya Lindahl, ghorofa ya pili, akila peke yake na kuchungulia dirishani kama mtoto anayengoja kuchukuliwa shuleni. Basi saa tisa alasiri walikaa wote watatu chumbani, kahawa mezani, na sahani ya keki ya limau ambayo ilibaki kipande kimoja.

Kule Minnesota, jimbo la Marekani walikoishi, kipande cha mwisho hakiliwi. Mtu hukikata nusu, nusu akaiacha. Anayefuata huikata nusu ile, naye akaacha kidogo. Mwishowe hubaki chembe ambayo mwenye nyumba huitupa wageni wakishaondoka, na kila mmoja amelinda heshima yake. Arlene alilelewa hivyo. Katika miaka hamsini na tisa ya ndoa Lowell hakuwahi kumwona akikigusa kipande cha mwisho kizima, hata siku ambazo njaa ilikuwa inamuuma.

"Mama, malizia basi," alisema Karin, kwa kusema tu.

"Haya," alijibu Arlene. Akakichukua kizima, akakitia mdomoni, akalamba vidole.

Karin aliangua kicheko. "He, Mama! Ulaya imekuharibu!"

Lowell hakucheka. Alimtazama mkewe, na mkewe akamtazama, akitabasamu na sukari mdomoni. Macho yalikuwa yale ya kijivu, na kovu dogo la kidevuni lilikuwa pale pale. Lakini Lowell aliweka kikombe chake chini bila kunywa, na hakujua kwa nini.

Siku zilizofuata alianza kumchunguza, na kadiri alivyomchunguza ndivyo alivyozidi kuona.

Kwanza, Arlene hakumpa mtu mgongo. Alikaa kiti chake kikiwa kimegusa ukuta. Alilala chali, wala hakugeuka. Wakifika mlangoni alisimama pembeni na kusema, "Tangulia wewe." Hilo halikumshangaza mtu, kwa sababu watu wa huko hubishana mlangoni hadi chakula kipoe, kila mmoja akimwambia mwenzake atangulie. Ila Arlene wa zamani alikuwa akikubali mara ya tatu. Huyu hakukubali kamwe. Hata wasaidizi waliokuja kumwogesha aliwarudisha, akasema ataoga mwenyewe.

Pili, harufu. Ilikuja kidogo kidogo baada ya chakula cha mchana, wakati jengo zima linapojinyoosha kulala. Ilikuwa harufu ya mbuzi walionyeshewa, ya maziwa yaliyochacha na moshi wa kuni mbichi. Lowell alikagua jokofu, akakagua viatu, akamwita fundi wa bomba. Fundi alinusa akasema haoni kitu, labda mzee afungue dirisha.

Tatu, alikuwa akijua mno. Alasiri moja Lowell aliamua kumpima.

"Unakumbuka lile lori letu jekundu?" aliuliza, akijifanya anasoma gazeti.

"Ulilolitia mtaroni mwaka wa sabini na moja," alisema Arlene.

"Barafu ile. Barabara ilikuwa kioo kitupu."

"Haikuwa barafu, Lowell." Alisema kwa upole kabisa. "Ulisinzia."

Gazeti lilimponyoka. Ni kweli alisinzia. Lakini hakumwambia binadamu yeyote, si mkewe, si mchungaji, si daktari. Alikuwa peke yake barabarani siku hiyo, na kando ya barabara kulikuwa na msitu tu.

Akafanya kosa la kumpigia simu binti yake.

Karin alikuja jioni ileile, akamketisha babake kwenye kochi la korido, akamshika mkono. "Baba, sema taratibu. Unasema nini kuhusu Mama?"

"Nasema huyo uliyerudi naye siye."

"Siye nani?"

"Siye mama yako."

Machozi yakamlengalenga Karin. "Baba, naomba usimwambie mtu mwingine hivyo. Muuguzi mkuu amekwisha niuliza kuhusu wewe. Kuna kitanda kimoja ghorofa ya tatu. Ijumaa daktari anakuja kukupima."

Ghorofa ya tatu kila mtu aliijua. Mlango wake ulikuwa na namba za siri, na waliopanda huko kwa sababu ya kusahau hawakushuka tena isipokuwa kwa machela. Wenzi walitenganishwa. Lowell angefungiwa huko, na Arlene wake, popote alipokuwa, angebaki bila mtu hata mmoja duniani anayejua kwamba hayupo.

"Sawa," alisema. "Nimechoka tu. Usijali."

"Kweli?"

"Kweli. Hebu niambie basi habari za safari. Mlikutana na nani huko?"

Karin alifuta macho, akafurahi kubadilisha mazungumzo. Alisimulia shamba, kanisa, na siku waliyopanda njia ya mlimani, wakamkuta mwanamke mmoja mwenye sketi ya buluu akichunga mbuzi. Arlene alizungumza naye Kinorwei cha bibi yake, wakachekeana weee. "Unamjua Mama. Akamwambia, siku ukija upande wetu lazima ufikie kwetu, ukae upendavyo. Mchunga mbuzi! Kama kwamba angepanda ndege kesho yake. Mimi nilitangulia kushuka hadi kwenye gari, yeye akanifuata baada ya kama robo saa."

"Akakufuata," alirudia Lowell.

"Ee. Mbona umekuwa mweupe hivyo? Baba?"

Jumatano saa nane mchana kulikuwa na chemsha bongo ya Halloween, ile sikukuu ya mizimu ya mwisho wa Oktoba, ukumbini. Denise, mwanamke mnene mchangamfu aliyepanga michezo ya wazee na kuandika jarida la makazi, alivaa kofia ya mchawi na kugawa peremende. Kwanza alisoma kwa sauti ukurasa wa jarida uitwao Wakazi Wetu Safarini, mtu mmoja alikuwa amekwenda Arizona kwa mwanawe, mwingine ziwani kuvua samaki. Kisha safari ya Arlene.

"Anasema hapa," alisoma Denise, "'Nimefurahi kuona jinsi watu wanavyoishi, joto ndani na taa kila mahali. Nimekaa sana milimani. Sina haraka ya kurudi.' Aa, mapumziko mazuri sana hayo, Mama Arlene!"

Watu wakapiga makofi. Lowell alitazama viatu vyake.

"Haya, swali la kwanza. Kabla ya taa za boga, watu wa zamani walichonga nini wakatia—"

"Turnipi," alisema Arlene, kiti chake kikiwa ukutani. "Ile mizizi ya kulisha mifugo. Hunuka ikiungua."

"Hata sijamaliza! La pili. Kwa nini watu walivaa vinyago usiku ule?"

"Ili tusiwatambue."

Denise akacheka. "Ili *wasitambuliwe*, nakupa alama. La tatu…"

Alijibu la tatu, la nne na la tano kabla ya wenzake kuinua mikono, na wazee wengine wakaanza kunung'unika, maana peremende zote zilikuwa zinaelekea upande mmoja. Borghild Aasen, mwenye miaka tisini na sita na ulimi usiopumzika, alisema waziwazi, "Mwacheni ashinde, labda atatugawia, ingawa simwoni akigawa."

"La sita," alisema Denise. "Kwa nini zamani makanisa yalipiga kengele usiku kucha siku ile?"



Watu wote waligeuka kumtazama Arlene. Uso wake ulikuwa umetulia, umetulia kupita kiasi, kama maziwa yaliyoganda. Vidole vyake vilikuwa vimeshika mkono wa kiti.

"Liruke hilo," alisema.

"Hujui? Jamani, tumempata!"

"Nimesema liruke." Kisha akatabasamu. "Na Ijumaa kwenye sherehe, Denise, ile kwaya ya wazee wapigao kengele za mkono isipige. Zinaniumiza kichwa. Wekeni muziki wa kinasa."

"Hakuna neno, Mama Arlene," alisema Denise, maana huko mtu hawezi kumkatalia mwenzake mbele ya watu.

Lowell aliinua macho akakuta Borghild anamtazama yeye, si Arlene.

Baada ya mchezo Borghild alimgonga mguu kwa fimbo. "Njoo chumbani kwangu. Jifanye unanitengenezea redio."

Chumba cha Borghild kilijaa vikapu vya sufu na picha za marehemu. Alifunga mlango, akaongea kwa sauti ya chini. "Umemjua lini?"

"Siku ya kwanza. Alikula kipande cha mwisho."

"Kizima?"

"Kizima."

Borghild alishusha pumzi. "Na alimkaribisha nani huko?"

Lowell akamweleza habari ya mwanamke wa sketi ya buluu. Akasema wazi kwamba anaogopa, kwamba Ijumaa daktari anakuja, kwamba hajalala vizuri tangu Arlene arudi kwa kuwa upande wa pili wa kitanda hakuna anayepumua.

"Bibi yangu aliwaita watu wa chini ya mlima," alisema Borghild. "Mbele ni wazuri kuliko sisi. Nyuma hawana kitu. Humchukua mtu, mmoja wao akakaa mahali pake. Na hawaingii nyumba ya mtu mpaka wakaribishwe. Sasa mkeo, kwa adabu zetu hizi za kusema njooni, njooni, bila kumaanisha!"

"Arlene yuko hai?"

"Kama hajala chakula chao kingi. Zamani watu walibeba kengele ya kanisa hadi mlimani wakaipiga. Kengele ikilia, mlima unamwachia mtu wao, na huyu wa huku hana pa kukaa."

"Mlima uko ng'ambo ya bahari, Borghild."

"Lakini yeye yuko hapa, na kengele za mkono ishirini na tano ziko kabatini, na ufunguo wa kabati ninao mimi, kwa sababu mimi ndiye mkuu wa kwaya na Denise anaogopa kuniomba." Akainua kidole. "Sikiliza vizuri, Lowell. Akiwa anatoka, funga mdomo. Usimwambie neno la wema hata moja."

"Mimi? Mimi siongei hata na kinyozi."

"Ndiyo maana nakuonya."

Ijumaa saa tisa na nusu ukumbi ulijaa watoto wa mjini waliokuja na wazazi wao kuomba peremende, wengine wamevaa mifupa, wengine maboga, wengine mabawa ya popo yaliyokwisha chanika. Wazee walikaa kwenye viti vya mduara, kila mmoja na bakuli lake. Daktari alikuwa ghorofani tayari. Karin alisimama karibu na lifti akiwa na bahasha ya fomu kifuani, akikwepa macho ya baba yake. Na Arlene alikaa penye ukuta wa mawe karibu na meko, mkono ndani ya bakuli, akiwaita watoto mmoja mmoja.

Lowell alisogea na kigari chake cha kutembelea mpaka akaweza kusikia.

"Nawe mdogo wangu, jina lako nani?" Arlene alikuwa anamuuliza mtoto wa kike aliyevaa boga. "Jina zuri. Na nyumba yenu iko wapi? Ile nyeupe karibu na maji? Mna vyumba vingi? Ukinikaribisha ningekuja, wewe ungekwenda kucheza na mbuzi wangu, mimi ningelala kitandani kwako. Utanikaribisha?"

Mtoto alimwangalia mama yake. Mama mtu, kijana mwenye haya, alitabasamu kama anavyotabasamu mtu anapozungumza na mzee aliyechanganyikiwa.

"Mjibu bibi, mpenzi," alisema. "Mwambie ndiyo, bila sha—"

"Usiseme!" alipiga kelele Lowell.

Karin alianza kuja mbio. Arlene aligeuza uso tu, kiwiliwili hakikusogea, na ile harufu ya mbuzi walionyeshewa ikapanda kutoka kwenye zulia, safari hii kila mtu akaisikia, mtoto akaziba pua, na Lowell akaona mkewe aliyempenda miaka hamsini na tisa akimtazama kwa macho ambayo hayakuwa na hasira wala huruma, yalikuwa yanangoja tu, kama anavyongoja mtu aliyeahidiwa chumba na kupewa, na ambaye anajua kwamba wenyeji hawana ujasiri wa kumwambia aondoke, na Lowell akafikiri, nimechelewa, watanipandisha juu sasa hivi, huyu atabaki, na Arlene wangu ataona baridi milele.

Ndipo kengele ya kwanza ikalia.

Ilikuwa ile kubwa, mkononi mwa Borghild, aliyetokea mlango wa jikoni na glavu zake nyeupe. Nyuma yake wakatokea wazee sita wa kwaya, waliohongwa kwa ahadi ya chupa ya konyaki, nao hawakupiga wimbo wowote, walipiga tu, kwa nguvu zao zote, shaba juu ya shaba, mpaka vioo vya madirisha vikavuma. Watoto wakadhani ni sehemu ya sherehe, wakashangilia.

Arlene alisimama. Bakuli likamwagika. Alipita akiambaa ukuta, akiwa ameukabili ukumbi, akirudi kinyumenyume hatua kwa hatua kuelekea mlango mkubwa, na watu wakampisha kwa adabu. Denise alisema, "Mama Arlene, kichwa kinauma?" Lowell alimfuata na kigari chake, magurudumu yakilia.

Milango ya vioo ilifunguka yenyewe. Upepo wa Oktoba ukaingia na majani makavu. Yule kiumbe alisimama kizingitini, na hapo, kwa kuwa alikuwa bado na sura ya Arlene, akafanya kile ambacho kila mgeni wa Minnesota hufanya mlangoni.

"Basi," alisema. "Asante kwa yote. Mmenikalisha vizuri."

Akageuka. Kwa mara ya kwanza Lowell aliuona mgongo. Sweta lilikuwa limepasuka katikati, na ndani hapakuwa na nyama wala uti wa mgongo, palikuwa na shimo, gome lililooza na kuvu, na giza lenye harufu ya unyevu.

Mdomo wa Lowell ulifunguka. Alikuwa na miaka themanini na nne, na kila mgeni aliyewahi kutoka mlangoni kwake alikuwa amemwambia maneno yaleyale. Yalitoka yenyewe, kwa sauti ya kawaida, kabla hajayakamata.

"Karibu tena," alisema. "Usipotee."

Alijisikia akisema. Akaziba mdomo kwa mkono wote. Yule kiumbe alikuwa amefika kwenye magari. Hakugeuka, lakini alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea anwani, kisha akapita nyuma ya gari la mkate na hakutokea upande wa pili.

Arlene walimkuta chumbani. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na koti lake la safari, viatu vimejaa tope jeusi, midomo imepasuka kwa baridi. Karin, aliyekuwa akimfuata babake huku akiita jina lake, alisimama mlangoni, akamtazama mamake, akatazama korido alikotoka, na bahasha ya fomu ikamponyoka.

"Lowell," alisema Arlene. "Nimekaa huko siku ngapi? Alinialika ndani ninywe maziwa. Nikakataa. Akanialika tena, nikakataa. Mara ya tatu… ningeonekana nina majivuno."

Lowell alipiga magoti, nyonga na yote, akamkumbatia kwa mikono miwili. Alipeleka kiganja mgongoni mwake, akaupapasa uti wa mgongo pingili moja baada ya nyingine, akalia kwa sauti bila kuona haya. Alikuwa na joto. Alikuwa anapumua.

Daktari hakupata mgonjwa siku ile. Karin alichana zile fomu mwenyewe, akazitupa chooni, wala hakuuliza swali, kwa kuwa hakutaka jibu.

Jioni, Borghild alipeleka sahani ya keki ya limau. Walikula watatu. Kikabaki kipande kimoja. Arlene alichukua kisu, akakikata nusu, nusu akaila na nusu akaiacha, na Lowell alipoona hivyo alicheka hadi machozi yakamtoka.

"Alipokuwa anaondoka," aliuliza Borghild kutoka mlangoni, "hukumwambia kitu?"

Arlene alimtazama mumewe.

"Hapana," alisema Lowell.

Walimsindikiza Borghild hadi lifti, wakisimama njiani kuaga mara tatu, kama kawaida. Mlango wao waliuacha wazi. Hawakukawia hata dakika tano.

Waliporudi chumba kilikuwa kama walivyokiacha, taa inawaka, kahawa bado ina mvuke. Kiti cha Lowell kilikuwa kimesogezwa mpaka kikagusa ukuta. Na sahani ilikuwa tupu.